Nasaha kwa Atamaniye Nchi za Barafu: Aanzie Usambara

Wapo miongoni mwetu watu ambao, kila wasomapo habari za mabaharia wapitao kati ya milima ya barafu ya Antaktika, au watazamapo picha za dubu weupe wakitembea juu ya bahari iliyoganda karibu na Ncha ya Kaskazini, huingiwa na shauku isiyotulia ya kuuona kwa macho yao ulimwengu ule wa baridi, ukimya na viumbe wasiopatikana mahali pengine; na kwa kuwa shauku hiyo ni njema, na haki ya kuyastaajabia maumbile ya Mwenyezi Mungu haikuandikiwa taifa moja peke yake, sioni sababu ya kuwavunja moyo. Walakini ni wajibu wa mwenye kutoa nasaha kusema kweli mapema. Safari za meli za kwenda Antaktika aghalabu huanzia Ushuaia, bandari iliyo kusini kabisa mwa Ajentina, na nauli ya meli peke yake, mbali na ndege, viza na mavazi, hupita mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa shule ya msingi wa Tanzania. Je, asiye na fedha hizo akae akitazama picha hadi uzeeni? Hasha. Ninalotaka kumwambia ni kwamba Lushoto, mji uliokaa yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari katika Mkoa wa Tanga, ni mlango wa milima ya Usambara, nchi yenye baridi ya kutosha kumfundisha mtu kuvaa, yenye upweke wa kutosha kumfundisha kunyamaza, na yenye viumbe ambao akiwakosa hapo hatawaona popote pengine chini ya jua. Na kwamba adabu zimfaazo mtembezi wa nchi za barafu ndizo zimfaazo mtembezi wa Usambara, kwa hiyo asiyezishika katika milima yetu hatazishika huko aendako.

Simshauri mtu aiache ndoto yake ya mbali. Tété-Michel Kpomassie, kijana wa Togo aliyetekwa na kitabu kimoja kilichosimulia habari za Greenland, alitoka kwao bila mali, akasafiri kidogo kidogo huku akifanya kazi katika miji ya Afrika Magharibi na kisha ya Ulaya, hata akaikanyaga ardhi ya Greenland mwaka 1965, baada ya miaka ipatayo minane ya njia. Naye mwaka 1981 akatoa kitabu cha safari yake kwa Kifaransa. Katika habari zake, jambo ninalopenda msomaji alishike zaidi ni namna alivyokaa huko kuliko ule umbali aliokwenda, maana hakujitenga katika nyumba ya wageni akiwatazama wenyeji kwa mbali, bali alilala majumbani mwao, akala walichokula, akavumilia giza la majira yao ya baridi, na akajifunza kwao namna ya kusafiri juu ya barafu kwa sleji za mbwa. Safari ya namna hiyo haimlazimu mtu kuvuka bahari. Yaweza kufanywa hapa hapa Usambara, kati ya Magamba na Mtae.

Tena kuna uhusiano mwingine, mkongwe zaidi, baina ya barafu ya ncha za dunia na misitu hii, na atakayeufahamu kabla ya kufunga mzigo wake atayatazama majani na mijusi kwa jicho jingine. Katika zama za barafu, ambazo ile ya mwisho ilifikia upeo wake yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalifungwa katika barafu ya kaskazini na kusini, hewa ikakauka, na misitu mingi ya Afrika ikasinyaa ikawa vichaka na mbuga. Lakini milima ya Tao la Mashariki, ambayo ni safu kumi na tatu zianziazo Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, haikukatiwa riziki yake, kwani Bahari ya Hindi iliendelea kuiletea pepo zenye unyevu, na pepo hizo zikipanda mteremko hupoa na kuwa ukungu na mvua. Hivyo misitu hii ikadumu kwa mamilioni ya miaka, na viumbe waliokuwamo wakabaki humo, kila kundi juu ya mlima wake, limezungukwa na nyika kavu lisiyoweza kuivuka kama vile wakazi wa kisiwa wasivyoweza kuivuka bahari bila chombo. Hata Usambara yenyewe si mlima mmoja: bonde la Lwengera limeikata ikawa Usambara Magharibi, iliko Lushoto, na Usambara Mashariki, iliko Amani, na wako ndege na vinyonga wa upande huu ambao upande wa pili, ulio karibu hivyo, hawajulikani. Msafiri wa Antaktika huonyeshwa barafu yenyewe, na msafiri wa Usambara huonyeshwa walioponea hapa wakati barafu ile ilipozidi.

Njia ya kufika haina mashaka makubwa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mombo, na kutoka Mombo barabara ya lami yenye kona kali hupanda kilomita zipatazo 33 kupitia Soni hadi Lushoto, nawe waweza kupata basi dogo au gari la abiria kwa saa nyingi za mchana. Nasisitiza mchana, kwa kuwa upande mmoja wa barabara hiyo ni mwamba na upande wa pili ni genge, na katika masika mawe na udongo huporomoka. Mwenye busara asiipande usiku kwa sababu tu ya kuogopa kulala Mombo.

Juu ya majira, watu hutofautiana, nami nitasema ninavyoona. Atakaye kuonja baridi na aje katika kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ukungu hukaa mabondeni hadi asubuhi imekwenda sana na usiku wa Magamba na Shume hushuka chini ya nyuzi 10. Kwa mtu aliyezaliwa Tanga mjini au Mombasa hiyo ni baridi ya kumfundisha adabu. Lakini kinyonga na mjusi ni viumbe ambao joto la miili yao hutegemea joto la hewa, kwa hiyo katika baridi hiyo hupooza na kujificha, na ndege nao huimba kwa uchache. Atakaye viumbe zaidi kuliko baridi na achague Septemba na Oktoba kabla ya mvua za vuli kukolea, au Januari na Februari zinapovuma pepo za kaskazi na njia za msituni ni kavu. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, naiacha kwa wale wazoefu ambao matope hayawatishi.

Sasa nasema habari ya mavazi, ambayo watu wetu huidharau kwa kudhani kwamba baridi ya Afrika ni mzaha. Mtembezi wa nchi za barafu hafundishwi kuvaa koti moja zito, bali hufundishwa kuvaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, ili apandapo mlima na kutoka jasho avue moja, na asimamapo kupumzika aivae tena kabla jasho halijapoa mwilini. Na kanuni hiyo yafaa Usambara bila kupunguzwa neno. Fulana ya pamba ikilowa hushika maji na kumwibia mtu joto lake, ilhali sweta la sufu, hata likiwa na unyevu, humhifadhi. Kwa hiyo jozi mbili za soksi za sufu, sweta, koti jepesi lisilopenya maji na kofia ya kufunika masikio ni mali kuliko jinzi mpya. Wala hapana haja ya kutumia fedha nyingi, kwani vitu hivyo hupatikana kwa bei rahisi katika masoko ya mitumba ya Tanga na ya Lushoto yenyewe, ambako makoti yaliyoshonewa baridi ya Ulaya hukutana na baridi inayoyastahili. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa kabla ya safari, na soli yake iwe na meno, kwa sababu njia za Usambara ni udongo mwekundu ambao, ukipata manyunyu, huteleza kuliko sabuni. Chukua pia tochi ya kufunga kichwani pamoja na betri za akiba, darubini ya mkononi, na chupa ya maji. Chandarua au dawa ya mbu usiiache nyumbani kwa kuambiwa kwamba Lushoto ni baridi, maana utapita Mombo, na huenda ukashukia Muheza na Amani, ambako mbu hawajasikia habari ya kipupwe.

Nimefika penye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kiongozi wa njia. Katika nchi za barafu hakuna mtu mwenye akili timamu ashukaye melini peke yake. Lakini hapa kwetu, kwa kuwa njia zaonekana wazi na vijiji haviko mbali, mgeni hujiona anaweza, na kiburi hicho humnyima zaidi ya nusu ya alichokuja kukitafuta. Milima hii imekuwa na watu wenye elimu ya msitu tangu kale. Ufalme wenyewe wa Washambaa, uliokuwa na makao yake Vugha, wasimulizi wake huuanzisha kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, ambaye sifa yake ilikuwa kuwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu na kuwagawia watu nyama. Na Krapf, mmisionari aliyepanda huku mwaka 1848 ili kuonana na Mfalme Kimweri, hakupita nchi hii kwa ujuzi wake, bali kwa idhini ya wenye nchi na kwa miguu ya waliojua njia. Leo elimu hiyo ingali hai kwa vijana na wazee wanaoongoza wageni, na mjini Lushoto, tangu miaka ya 1990, zimekuwako ofisi za utalii wa utamaduni zinazowapanga viongozi hao na kulipa sehemu ya mapato kwa mambo ya vijiji. Nenda ofisini, uliza bei kabla ya kukubali, taka risiti ya malipo yako, na ujue kwamba ada ya kuingia katika hifadhi za misitu hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, nayo ni mbali na ujira wa kiongozi. Akikupata mtu stendi akasema ni kiongozi na kwamba risiti haina haja, mshukuru kwa ukarimu wake, kisha uende zako ofisini.

Na ukishampata kiongozi mwema, mwambie mapema unachotaka, tena umwambie kwamba huna haraka. Viongozi wengi wamezoea wageni watakao kufika Irente, kusimama juu ya jabali linaloitazama nyika na Mazinde iliyo chini sana ya miguu yao, kupiga picha, na kurudi kula chakula cha mchana. Nami siikatazi Irente, mandhari yake ni ya ajabu na mkate na jibini za shamba lililo hapo ni za kusifiwa. Lakini mwenye kutafuta viumbe huhitaji kwenda taratibu mno kuliko mtalii wa mandhari, na kiongozi asipoambiwa hivyo atakuharakisha kwa nia njema kabisa.

Mpeleke basi, au yeye akupeleke, Magamba. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, yenye zaidi ya hekta 9,000, iko umbali mfupi kutoka mjini, na ndani yake ingalimo mikulo mikubwa, miti ile ya mbao yenye harufu ya kafuri, imevikwa kuvumwani hata gome halionekani. Usije ukapotezwa na misonobari iliyopandwa kwa mistari Shume na kwingineko, wala mikaratusi ya kando ya barabara: hiyo ni miti ya biashara, na viumbe wa asili ya Usambara wengi wao hawana kazi nayo. Uingie msitu wa asili, na uuingie mara mbili, alfajiri kwa ajili ya ndege na usiku kwa ajili ya vinyonga.

Watu hushangaa wakiambiwa kwamba kinyonga hutafutwa usiku, ilhali yeye ni mnyama wa mchana. Sababu ni hii. Mchana rangi yake humficha, nawe waweza kupita shubiri moja kutoka puani pake usimwone. Lakini usiku, alalapo, rangi humtoka akawa mweupe mweupe, na mwanga wa tochi ukimpiga hung'aa katikati ya majani ya kijani. Tena huchagua kulala kwenye ncha ya kijiti chembamba au ya jani la kangaga, mkia ameukunja, uso ameuelekeza kwenye shina, kwa kuwa nyoka ajaye kumwinda hana njia ila kupita juu ya kijiti hicho, na kijiti kikitikisika yeye huamka na kujiachilia aanguke majanini. Kwa hiyo tembea ukingoni mwa msitu au kando ya ua wa shamba, saa moja au mbili baada ya magharibi, ukipitisha mwanga polepole kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa, ukitafuta ncha za vijiti na kuyaacha mashina. Dume la kinyonga wa pembe mbili wa Usambara Magharibi utalitambua kwa pembe mbili bapa, fupi, zenye magamba, zilizosimama sambamba juu ya pua yake. Kinyonga huyu alihesabiwa pamoja na jamaa zake wa mashariki hata mwaka 2008, wataalamu walipomtenga na kumrudishia jina lake la kisayansi, Kinyongia multituberculata. Chini zaidi, kwenye vichaka vya kivulini, yuko kinyonga mdogo wa urefu wa kidole, ambaye puani ana kinundu laini chenye miiba miiba. Huyo ni wa milima ya Usambara peke yake, yuko hatarini, na kiongozi akikuonyesha mmoja umshukuru kama aliyekuonyesha johari.

Ukimwona, simama. Usilishike tawi, usilivute karibu na kamera, wala usimmulike usoni kwa muda mrefu, kwa sababu aliyeamshwa katika baridi hana joto la kukimbilia, na akianguka chini huenda asipande tena hata jua litoke, na kati ya sasa na jua kuna siafu. Hesabu polepole hadi thelathini, mtazame macho yake yaliyofumba yakizunguka ndani ya kope, kisha uondoe mwanga. Mikono yako nayo usiitie katika majani usiyoyaona vizuri, maana kwenye vichaka hivyo hivyo hulala nyoka mdogo mwenye magamba yaliyosimama mfano wa pembe juu ya macho, naye ana sumu. Ama kinyonga mwenyewe hana sumu yoyote, ingawa watu wengi wa pande zetu humwogopa na hata kumwua. Wala usimcheke mwenyeji akisogea nyuma, bali mwonyeshe kwa upole kwamba umesimama karibu na hukudhurika. Na ukisikia kutoka gizani kilio cha kupasua moyo, kinachopanda na kukatika kama cha mtu anayekabwa, usikimbie: huyo ni perere, mnyama mdogo mfano wa pimbi akaaye mitini, anawaarifu wenziwe mahali alipo.

Alfajiri mambo hubadilika. Kima na mbega wa manyoya meupe mabegani huwahi juani kwenye vilele vya miti ili wapate joto, na huo ndio wakati wa kuwatazama bila kuwafukuza. Hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mabawa. Na shorobo, arukapo, hufunua wekundu uliofichwa chini ya ubawa. Lakini ndege wa thamani ya Usambara wengi wao ni wadogo, wa rangi ya udongo, wakaao chini penye giza, na mwenye haraka hawapati. Yuko mmoja wa jamii ya kurumbiza ambaye duniani kote hupatikana katika misitu ya Usambara Magharibi tu. Na yuko kwera wa Usambara, haba mno, atafutaye riziki ukingoni mwa msitu. Ili kuwaona, keti. Tafuta gogo penye kijito, keti na mgongo wako kwenye mti, usiseme, na ukae nusu saa nzima. Dakika kumi za kwanza utadhani msitu ni mtupu, kwa kuwa wakazi wake wangali wakikutazama. Baada ya hapo wengi wao watakusahau na kurudia kazi zao. Mzee Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani tangu mwaka 1928 hata miaka ya 1940 na ambaye jina lake amepewa ndege mmoja mdogo wa mdomo mrefu wa Usambara Mashariki, hakupata maarifa yake kwa njia nyingine ila kwa kukaa miaka mahali pamoja na kuangalia.

Katika Antaktika, ambayo mataifa yaliwekeana mkataba juu yake mwaka 1959, wenye meli za watalii wamejiwekea sheria kwamba watu wasizidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, kwamba mtu asimsogelee pengwini kwa karibu kuliko mita 5, na kwamba viatu vya kila abiria vioshwe na kutiwa dawa kabla ya kushuka na baada ya kurudi. Natamani sheria hizo zingebandikwa kwenye kila mlango wa msitu wetu. Kwa Usambara nasema kundi lisizidi watu sita, maana njia ni nyembamba na miguu ya watu ishirini huifanya kuwa mfereji wa maji. Na viatu vioshwe kwa kweli kweli, udongo wote utoke penye meno ya soli, hasa kwa atokaye msitu mmoja kwenda mwingine. Asidhani mtu kwamba hili ni jambo la Wazungu wenye wasiwasi. Kule Kihansi, katika milima ya Udzungwa, mwaka 2003, vyura wadogo waliokuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, na ambao hawakuwako mahali pengine popote duniani, walikufa karibu wote kwa muda mfupi, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawako tena. Mto wao ulikuwa umepunguziwa maji kwa ajili ya umeme, lakini miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuwaangamiza ni kuvu ya ugonjwa wa ngozi ya vyura, ambayo huweza kusafiri katika tope la kiatu. Usambara nayo ina vyura wake wasio na ndugu kwingine, na mbegu za miti ya kigeni hupenda safari kama hizo hizo.

Kuna jambo jingine ambalo sharti nilinene kwa ukali kidogo. Njiani huenda mtoto akakuletea kinyonga juu ya kijiti, akitaka shilingi mia tano ili umpige picha. Usimlipe, hata kwa huruma. Ukimlipa leo, kesho watakuja watoto watano na vinyonga kumi, na wengi wa vinyonga hao hawatarudishwa kwenye tawi lao. Mwambie badala yake akuongoze mahali alipomwona, amrudishe pale mbele yako, na hapo, kwa kazi hiyo ya kuonyesha, mpe chochote. Na mtu mzima akikuambia kwamba anaweza kukupatia mmoja wa kwenda naye, ujue unaitwa kwenye uhalifu: vinyonga hawa biashara yao husimamiwa na mkataba wa mataifa, na Serikali ya Tanzania mwaka 2016 ilizuia usafirishaji wa wanyama pori hai kwenda nje, baada ya miaka mingi ya wanyama wadogo wa milima yetu kupakiwa vikashani na kuuzwa Ulaya na Marekani kuwa wa kufugwa vyumbani. Hukumu hiyo hiyo yalihusu ua. Lile ua dogo la zambarau ambalo afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota mwaka 1892, na ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Saintpaulia kwa heshima yake, leo liko madirishani mwa nyumba za dunia nzima. Lakini porini hubaki kwenye miamba michache yenye kivuli na unyevu, na mtembezi ang'oaye shina moja la ukumbusho huenda ameng'oa sehemu kubwa ya waliobaki kwenye mwamba ule.

Mwenye nguvu na siku za kutosha asiridhike na Magamba peke yake. Njia ya miguu itokayo Lushoto, ikapita msituni, ikafika Lukozi penye soko la viazi na kabichi ziendazo Dar es Salaam, ikalala Rangwi kwa masista, na kuishia Mtae juu ya ncha ya mlima, ni ya siku tatu au nne kwa mwendo wa mtu asiye na papara. Mtae anga ikiwa safi, hasa asubuhi baada ya mvua, huonekana nyika ya Mkomazi chini na Kilimanjaro kwa mbali, na juu yake barafu ile ambayo kila kizazi chaikuta imepungua. Na hiyo ndiyo barafu pekee nitakayomwahidi msomaji katika safari hii. Alale kwa wenyeji panapowezekana, ale maharage na viazi vyao, alipe haki yao, na awaulize wazee habari za msitu ulipokuwa unafika hapo zamani, kwa sababu wengi wao wanakumbuka mpaka ulipokuwa. Arudipo, kama bado ana wasaa, ashuke hadi Muheza na apande Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na ambako hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997: huko atamkuta kinyonga wa pembe tatu aitwaye kwa jina la Derema, na pia vinyonga ambao Lushoto hawapo.

Na yule ambaye, baada ya yote hayo, moyo wake ungali unadai kiumbe wa Ncha ya Kaskazini hasa, na ateremke hadi pwani ya Tanga kati ya Oktoba na Machi. Kwenye matope ya mikokoni, maji yakitoka, atawaona ndege wadogo wa kijivu wenye miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, wakipekua matope kwa makundi. Hao walianguliwa katika nyika baridi zisizo na miti za kaskazini ya Siberia, penye ardhi iliyoganda, wakaruka maelfu ya kilomita kuja kula kwetu, na ifikapo Aprili wengi wao hubadili manyoya kuwa mekundu ya matofali na kuanza kurudi. Wavuvi huwaona kila mwaka, lakini ni wachache waliopata kuambiwa watokako. Atakaye kuwatazama vizuri asiwafuate matopeni, kwani watamkimbia na atazama hadi magoti. Aulize saa za maji, afike yanapoanza kujaa, aketi kimya kwenye fungu la mchanga jua likiwa mgongoni pake, na maji yenyewe yatawasogeza hadi mbele ya darubini.